TV Iliyomkataa Shangazi

Mwenye banda la video alinipigia simu asubuhi, kabla sijafungua ofisi yangu mjini Shinyanga. Hakuanza na habari za mvua wala za watoto, na hilo peke yake lilinitia wasiwasi, kwa sababu ni mtu wa salamu ndefu. Alisema TV niliyomtengenezea imeanza kumkataa mtu.

Nilicheka. Nikamwambia TV haikatai watu, inakataa umeme mdogo. Aangalie jenereta lake.

"Fundi, sitanii," akasema. "Akikaa karibu nayo, picha inageuka rangi. Akiondoka, tukaizima mpaka ipoe na kuiwasha tena, inapona. Si mimi peke yangu niliyeona. Banda zima limeona."

Nikamuuliza ni mtu gani. Akashusha sauti.

"Shangazi yako," akasema.

Shangazi, dada mkubwa wa baba yangu, alikuwa mjane aliyeishi peke yake katika kijiji cha machimbo mbele ya Mwakitolyo. Alikuwa mzee, na macho yake yalikuwa mekundu. Kwa mtu wa mbali hayo ni maelezo tu ya bibi mmoja. Kwetu, ukiyapanga pamoja, yanakuwa mashtaka. Macho yale yaliiva kwa moshi wa mabua ya pamba aliyopikia tangu utoto, na kwa vumbi la makarasha, mashine zinazosaga mawe ya dhahabu, lakini hakuna anayeushtaki moshi. Tumekua tukisikia habari za bibi fulani aliyevamiwa kwa mapanga nyumbani kwake. Mara nyingi habari hizo zilianza na jambo dogo: ndama aliyekufa ghafla, mtoto aliyeamka na homa, ndoto ya jirani. Sikuwahi kusikia iliyoanza na TV, na TV ile ilikuwa imepita mikononi mwangu.

Niliketi kwenye benchi la nje nikamwomba anieleze kwa mpangilio, tangu siku ya kwanza. Nina tabia hiyo. Mteja akileta TV akisema imekufa, mimi huuliza ilikufa ikiwa imewaka au imezimwa, nani alikuwapo, nini kilisikika, nini kilinuka. Kifaa hakisemi uongo, ila watu huruka hatua wanaposimulia.

Akanieleza. Kijana mmoja mchimbaji alikuwa amefukiwa ndani ya duara, lile shimo refu wanalochimba kufuata mwamba. Siku ya kuondoa tanga, ndugu zake walileta bandani DVD ya harusi yake, ili waliokuja kuzika wamwone tena akiwa mzima. Picha ikaanza vizuri. Alipotokea bwana harusi mwenyewe, akiwa amesimama kando ya mkewe, upande mmoja wa uso wake ukawa wa zambarau, kisha kijani kikaingia shavuni, na mwili ukapinda kama mtu anayezama. Mama yake alilazimika kutolewa nje akiwa ameshikwa mikono. Na chini, kando ya meza ya TV, kwenye kigoda chake, akiwa na beseni la karanga na matobolwa, viazi vile vya kuchemshwa na kukaushwa, alikuwa amekaa shangazi.

Tangu hapo watu wakawa wanamchunguza. Akija, doa linakuja. Asipokuja, picha safi. Kaka wa marehemu alikuwa amesema hadharani kwamba siku ya gulio ataleta mpiga ramli kutoka mbali, naye aseme mbele ya wote nani amemla mdogo wake kwa uchawi. Gulio lilikuwa keshokutwa.

"Mwenyekiti wa kitongoji anasemaje?" nikauliza.

"Hajakubali," akasema. "Lakini hajakataa."

Nikafunga ofisi ambayo sikuwa nimeifungua.

Kazi yangu ni TV za chogo. Watu walizipa jina hilo TV bapa, zile flati, zilipoingia, kwa sababu kabla ya hapo hakuna aliyeona haja ya kutofautisha. TV ilikuwa TV, na ilikuwa na kisogo kirefu kama mtu. Nyingi zilikuja kwetu zikiwa mitumba, zikishushwa kwenye malori yaliyopita Isaka, na wakulima wa Kishapu walizinunua baada ya msimu wa pamba, wakazifunga nyuma ya baiskeli kwa mipira. Nimezifungua nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, mkono mmoja ndani na mwingine nyuma ya mgongo, kwa sababu TV ya chogo huweka umeme mkali hata baada ya kuzimwa, na mikono yote miwili ikiwa ndani umeme hupita kifuani.

Ndani ya chogo hakuna hewa. Kwenye shingo yake nyembamba kuna kipande cha chuma kinachopashwa moto, nacho kikishapata moto kinatoa elektroni, chembe ndogo kuliko vumbi lolote la karasha. Mbele yake kuna kikombe chenye tundu, ambacho kazi yake ni kubana na kuachia. Kikibana, chembe chache hupita na kioo kinakuwa na giza mahali hapo, kikiachia, panang'aa. Umeme mkubwa wa mbele unazivuta chembe zikimbilie kioo kwa pamoja, kama mshale. Mshale huo ukiachwa hivyo utapiga katikati tu, nukta moja nyeupe, na hakuna atakayelipa kiingilio kuangalia nukta. Kinachoutembeza ni koili za shaba zilizovishwa shingoni, ambazo sisi mafundi tunaziita yoki. Koili hizo ni sumaku za umeme. Jozi moja inausukuma mshale kushoto na kulia, nyingine juu na chini, mstari chini ya mstari, kama mtu anayelima shamba zima kwa jembe moja, ila kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuikamata. Mtazamaji anaona uso wa bwana harusi. Kilichopo ni mshale unaokimbia, na sumaku inayouongoza.

Kwa hiyo picha yote imeshikwa na sumaku. Ikisogea sumaku nyingine, mshale hauulizi ni ya nani. Unatii.

Nilijua hilo kabla simu haijakatika. Kilichonisumbua njiani, nyuma ya pikipiki, ni jinsi ya kulisema. Katika gunia mapajani nilibeba koili yangu ya kusafishia rangi: pete kubwa ya waya iliyozungushiwa utepe mweusi, yenye upana kama ungo mdogo, niliyoisuka mwenyewe. Kadiri tulivyokaribia kijiji ndivyo nilivyoitazama kwa macho ya watu wa pale. Mtoto wa kaka wa mtuhumiwa anaingia kijijini na gunia, na ndani ya gunia mna duara jeusi lililofungwafungwa. Nilimwambia mwendesha pikipiki anishushe bandani moja kwa moja, mchana kweupe, nikalitoa lile duara na kulitundika mlangoni ili kila apitaye alione.

Mwenye banda alinikaribisha kwa sauti ndogo. Hakukuwa na wateja. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa viroba kama kawaida, na TV ilikuwa juu ya meza yake ya mbao, kioo kimezimwa. Nilianza na mambo mengine ili nisijidanganye. Niliangalia kama boksi la spika limesogezwa karibu. Halikusogezwa, lilikuwa ukutani palepale nilipoliweka. Spika ya ndani ya TV ilikuwa na kofia yake ya chuma, ile inayozuia sumaku isivuje. Jenereta lilikuwa linakohoa, lakini jenereta bovu hutetemesha picha, haliipaki rangi. Nikamuuliza doa huanzia upande gani. Chini, kushoto. Shangazi hukaa upande gani? Chini, kushoto. Alisema hivyo akiangalia mlango.

"Na wewe unaamini nini?" nikamuuliza.

"Mimi naamini nina banda," akasema. "Na nina watoto. Wakija na mapanga hawatauliza nani kakata tiketi."

Nikaenda kwa shangazi. Alikuwa nyuma ya nyumba, anachambua karanga. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba baba bila kuinua uso, akaniuliza nimekuja kumzika au kumtembelea. Alikuwa mtu wa maneno ya namna hiyo hata katika siku nzuri. Kisha akaniambia, kwa utaratibu kama anayehesabu mboga, ni nani wameacha kununua kwake, na ni nani walibadilisha njia ya kwenda kisimani.

Nikamuuliza ana nini mwilini. Swali baya kumuuliza mkubwa wa ukoo wako, na nililiuliza nikitazama chini. Akaelewa haraka kuliko nilivyotegemea. Akafungua fundo la kanga kiunoni, akatoa kitu na kukiweka katika kiganja changu. Kilikuwa kizito. Kilikuwa kimeviringishwa nailoni nyeusi, kikafungwa na uzi, na juu ya nailoni mchanga mweusi ulikuwa umesimama kama nywele.

Ilikuwa sumaku ya spika, pete ya kawaida, kutoka katika redio ya marehemu mumewe. Asubuhi shangazi alifanya kazi mwaloni, mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu, na kila anayeosha ana sumaku. Mchanga ukishaoshwa kwenye karai hubaki mweusi, umejaa chuma, na chuma huficha dhahabu. Unapitisha sumaku juu yake, chuma kinaruka. Nailoni ni ya kukibandulia: ukiivua, chuma chote kinaanguka. Sumaku nzuri huibiwa mwaloni kama kuku, ndiyo maana aliifunga kiunoni na kwenda nayo hadi bandani jioni kuuza karanga, mgongo wake umeegemea meza ya TV.

Kila kitu kilikuwa wazi, na hapo ndipo hofu yangu ilipokua. Nilikuwa nimeshika jibu, na jibu lilikuwa na sura ya hirizi. Kitu cheusi, kimefungwa kwa uzi, kimefichwa kiunoni mwa bibi mwenye macho mekundu, kina manyoya yanayosimama yenyewe. Wangempekua wangekipata, na hakuna ambaye angesubiri maelezo ya elektroni.

Nikamwambia aiache ndani ya nyumba. Aende bandani bila hiyo, watu waone picha imetulia, mambo yaishe.

Akanitazama kama ninavyomtazama mteja aliyemwaga maji ndani ya TV ili kuipoza.

"Nikiivua leo na picha ikatulia leo," akasema, "watasema nini? Si watasema nimetupa dawa?"

Kuificha ilikuwa hatari, kuionyesha ilikuwa hatari, na ramli ilikuwa inakuja kwa miguu yake. Alichukua sumaku yake, akaifunga tena, akaendelea na karanga.

Mwenyekiti wa kitongoji alinisikiliza akiwa amesimama, jambo ambalo sikulipenda, kwa maana mwenyeji anayetaka mazungumzo hukuletea kiti. Nilimwomba jambo moja: kabla ya ramli, niipime TV mbele ya watu, mchana, bandani. Kisha akamwita kaka wa marehemu, kijana mpana wa kifua, mwenye vumbi la mawe bado kwenye nyusi, akamweleza ombi langu. Akaongeza kwamba hata ng'ombe akifa huwa wanamwita bwana mifugo kabla ya mganga.

"Sawa, mzee," kijana akasema. "Lakini huyu bwana mifugo amezaliwa zizi moja na ng'ombe."

Waliokuwa karibu walicheka, si sana. Mwenyekiti naye alitabasamu, kisha akasema kesho yake baada ya chakula cha mchana, na asiingie mtu na silaha. Neno la mwisho hilo nilikaa nalo mpaka kesho yake.

Banda lilijaa mapema, na wengine walisimama nje wakichungulia kati ya viroba. Nilikuwa nimeandaa diski ya ngoma. Kaka wa marehemu akaikataa. Alitoa DVD ya harusi kutoka ndani ya shati, ikiwa imefungwa katika kitambaa safi.

"Weka hii hii," akasema. "Ukiweka nyingine, kesho utasema ile ilikuwa na kasoro."

Alikuwa na haki. Nikaiweka. Jenereta likashika, kioo kikalia kile kilio chembamba, na watu wakaanza kucheza kwenye kioo, mashati meupe, magauni ya bluu, rangi zote mahali pake. Nikamwita shangazi akae pale anapokaa siku zote. Alipita katikati ya watu na beseni lake kichwani, na watu wakavuta magoti kumpisha kwa namna ambayo si ya heshima. Akaketi kwenye kigoda. Akaegemea meza.

Doa likaja. Lilianza pembeni, chini kushoto, zambarau, likapanda juu ya gauni la mmoja wa wasimamizi. Nilisikia viti vikisogea nyuma yangu. Mtu mmoja karibu na mlango alisema kwa Kisukuma kwamba sasa hata fundi ameona kwa macho yake. Nilijua nina muda mfupi kuliko ule wa kuchemsha chai.

Nikauliza nani ana sumaku.

Hakuna aliyejibu. Nilikuwa nimetegemea banda zima la wachimbaji liinue mikono, maana nilijua kila mmoja wao anayo, mfukoni au kwenye kiroba. Lakini nilikuwa sijafikiria vizuri. Anayetoa sumaku sasa anajiweka kigoda kimoja na mtuhumiwa. Niliwatazama mmoja mmoja, na kila niliyemtazama alikuwa akiangalia miguu yake.

Aliyesema hatimaye alikuwa mwanamume mmoja mwembamba wa mwaloni, mtani wa kila mtu, aliyekaa nyuma.

"Mbona ninyi mnaona aibu?" akasema, kisha akamgeukia kaka wa marehemu. "Wewe si unayo? Juzi ulivuta nayo chuma cha karai langu na dhahabu yangu ikaondoka nayo."

Kicheko kidogo kikapita. Kijana alisimama. Nadhani alisimama kwa hasira zaidi kuliko kwa kukubali. Alitoa mfukoni sumaku iliyofungwa nailoni ya bluu, akaiinua ili wote waione.

"Hii hapa," akasema. "Nitaisogeza mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Isipofanya kitu, fundi usije ukaniambia nimeishika vibaya."

Wakati huo bwana harusi alikuwa ametokea, kifua na kichwa vimejaa upande wa kulia wa kioo, mbali na alipokaa shangazi. Uso wake ulikuwa safi. Alikuwa anacheka na mtu asiyeonekana. Kaka yake akaisogeza sumaku taratibu kuelekea pembe ya juu ya kioo, na kabla haijagusa, paji la uso la mdogo wake likavutika kuelekea mkononi mwake, likawa la zambarau, kisha kijani kikamwagikia shavuni. Akarudisha mkono haraka kama aliyeungua. Doa halikuondoka. Lilibaki usoni mwa marehemu, kubwa kama kiganja.

Aliangalia sumaku, akaangalia kioo. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake.

"Kwa hiyo na mimi nimemla?" akasema.

Hakuuliza kwa kejeli. Aliniuliza mimi, na mimi nilikuwa na maneno mengi ya koili na mishale, na hakuna hata moja lililofaa. Aliyejibu ni shangazi, pale chini kwenye kigoda, bila kugeuka kukiangalia kioo.

"Hakuna aliyemla, baba. Duara ndilo lililomla. Na wewe unalijua, kwa sababu wewe ndiye uliyemtoa."

Ngoma ya harusi iliendelea kwenye TV kama inayopigwa na watu wasio na haya. Shangazi akafungua fundo la kanga mbele ya wote. Hatukukubaliana hivyo. Mimi nilitaka kwanza nieleze. Akakiweka kile kifurushi cheusi mezani, na kijana, bila kujua la kufanya na mkono wake, akaweka chake karibu. Sumaku mbili zikarukiana na kugota kwa kishindo, zikashikana.

"Haya," akasema yule mtani wa nyuma, "na hizi nazo zimeoana."

Walicheka. Si wote, lakini waliocheka walicheka kwa sauti, na wawili watatu wakatoa za kwao wakaziinua kama watu wanaoonyesha kadi za kliniki. Hapo ndipo nilipopata nafasi ya kueleza. Sikutumia neno elektroni. Niliwaambia nyuma ya kioo kuna bati jembamba lenye vitundu vingi, na kwenye chogo kunatoka makundi matatu, kama ng'ombe wa nyumba tatu wanaopelekwa joshoni kwa lango moja. Kila kundi linakuja kwa pembe yake, na kwa sababu ya pembe hiyo, likivuka lango linakwenda kwenye birika lake: wa nyekundu kwenye nyekundu, wa kijani kwenye kijani, wa bluu kwenye bluu. Mchungaji wao ni sumaku iliyofungwa shingoni. Ukileta mchungaji wa pili akawapigia mluzi pembeni, ng'ombe wanapinda, wa nyekundu wanatumbukia birika la bluu. Na mluzi ule unabaki kwenye bati hata mwenye kupiga akiondoka, kwa maana bati nalo ni chuma. TV ikizimwa mpaka ipoe, ikiwashwa hujisafisha yenyewe kidogo. Ndiyo maana mliona inapona.

Mzee mmoja akauliza kama ng'ombe wa TV nao wanalipiwa josho. Nilimshukuru Mungu kwa swali hilo.

Kaka wa marehemu hakuwa anasikiliza. Alikuwa bado anautazama uso.

"Unaweza kumrudisha?" akaniuliza.

"Uso tu," nikasema. "Uso naweza."

Nikaziondoa sumaku zote mezani na kuziweka mbali, nikachukua ile koili mlangoni, nikaichomeka kwenye umeme, nikaizungusha mbele ya kioo. Rangi zote zikachanganyika na kuzunguka kama mafuta juu ya maji, watu wakasogea nyuma, nami nikarudi kinyumenyume polepole huku nikiendelea kuzungusha, kwa sababu ukiizima koili ukiwa karibu unaacha doa baya kuliko la kwanza. Nilikuwa nimelisafisha doa la namna hiyo mara nyingi sana bila hata kufikiri. Siku ile nilihesabu pumzi zangu. Nilipofika ukutani nikazima. Mtu aliyekuwa kwenye kioo wakati huo alikuwa mpiga kinanda. Kijana akairudisha DVD nyuma yeye mwenyewe mpaka alipompata mdogo wake, na uso ulikuwa safi, wa rangi yake, unacheka. Akaiacha picha imesimama pale. Kisha akatoka nje na simu yake.

Niliona mgongo wake kupitia tundu la kiroba. Alizungumza kwa muda mrefu, mkono mmoja kichwani. Sikusikia alichosema. Aliporudi alimwendea mwenyekiti, akasema maneno matatu tu kuhusu mpiga ramli, ambayo niliyasikia: "Kesho haji tena." Kwa nini alisema kesho, na si kwamba haji kabisa, ni jambo ambalo nimeligeuza kichwani mara nyingi. Mwenyekiti akawaambia watu wametosheka, waende. Wengi walitoka wakijaribu sumaku zao kwenye simu na kwenye kufuli za baiskeli. Lakini mwanamke mmoja aliyepita karibu yangu alimwambia mwenzake kwamba sumaku ni sawa, ameielewa. Asichoelewa ni kwa nini bibi yule aje nayo siku ya tanga, kati ya siku zote.

Nilimwambia shangazi tuondoke naye kwenda Shinyanga jioni ileile. Nilikuwa na chumba. Alikataa kabla sijamaliza. Akiondoka sasa, akasema, atakuwa amekimbia, na anayekimbia anafuatwa. Tena ana mchanga wake mwaloni ambao hajaumaliza.

Asubuhi alitoka na karai lake, sumaku ikiwa kiunoni palepale. Nilimfuata kwa mbali hadi mwaloni, nikajifanya naangalia makarasha. Wanawake walikuwa wamekaa mstari mmoja kando ya dimbwi, wameinamia makarai, na kulikuwa na nafasi kubwa upande wa kushoto wa shangazi alipoketi, kubwa kuliko ile waliyoachiana wao kwa wao. Alianza kuosha. Hakuna aliyemsemesha, naye hakumsemesha mtu. Mwendesha pikipiki alikuwa ananipigia honi barabarani.

Kisha mama mmoja wa makamo, wa karai la pili kutoka kwake, akanyoosha kiuno, akatazama mchanga wake, akatazama kwa shangazi.

"Mayu," akasema, akimwita mama kwa Kisukuma, "niazime sumaku. Yangu wameninyang'anya nyumbani watoto, wanachezea TV."

Shangazi akafungua fundo, akaitoa, akamnyooshea. Yule mama alisogea. Lakini kabla hajaipokea aliutanguliza upindo wa kanga yake, akaushikia kile kifurushi kwa nguo, si kwa kiganja. Mchanga mweusi unachafua mikono, na mikono yake ilikuwa imelowa. Huenda ilikuwa hivyo tu. Nilisimama pale nikimwangalia anavyoipitisha juu ya karai, chuma kikiruka, mpaka honi ilipolia tena, na hata nilipokuwa juu ya pikipiki niligeuka nyuma kuona kama anairudisha, na kama ni kwa kiganja au kwa nguo tena.